Bustani Isiyo na Yago

Niseme mapema ili tusipotezeane muda: mimi si adui wa maua. Nyumbani Migori nina mikebe saba ya rangi iliyojaa maua kwenye ngazi, na jirani wa chini hulalamika kila nikimwagilia. Kwa hivyo ukiona nimekasirika na bustani, usidhani nina roho mbaya. Nina sababu, na sababu yenyewe inaning'inia mtini, ina uzito wa kilo kadhaa, na inafanana na soseji.

Tangazo lilitufikia kwenye grupu ya WhatsApp. Siku moja kwa boti hadi bustani ya mimea ya tropiki, Homa Bay. Boti, chakula cha mchana na mpiga picha, shilingi 3,500. Marafiki zangu wanne waliingia mara moja. Mimi nilisitasita, kwa sababu Migori iko kama digrii moja tu kusini mwa ikweta, na sikuelewa kwa nini nilipe pesa nikaonyeshwa tropiki. Si ndimo tunamoishi? Lakini wasee wakaniambia niache kuchambua kila kitu, twende tupunge upepo. Nikatuma pesa.

Tulitoka Migori saa kumi na moja alfajiri na matatu ya kwanza. Awendo, Rongo, Rodi Kopany, Homa Bay mjini, halafu ile barabara ya kuelekea Mbita inayofuata ziwa. Saa tatu tukawa ufuoni. Boti ilikuwa ya injini, imepakwa rangi ya samawati, abiria tulikuwa kumi na sita na majaketi ya kujiokolea yalikuwa kumi. Nahodha alitwambia ziwa leo limetulia. Nikachukua jaketi bila aibu. Watu wa kwetu tunajua ziwa limetulia mpaka lisipotulia.

Hicho kisiwa sitakitaja, wala mwenye hoteli. Shida yangu haiko kwa mtu mmoja. Ningeweza kuwapeleka hoteli nyingine tano na mkaona kitu kile kile.

Tulikuta nyasi fupi, laini, zilizokatwa kama nywele za mtoto wa shule. Mitende imepangwa mistari miwili kama askari wa gwaride. Bogenvilia ya zambarau, ya chungwa, ya pinki. Kuna njia ya mawe, na kando yake vibao vya mbao vyenye majina ya Kilatini na ya Kiingereza. Vilikuwa safi kabisa, vizuri kwa picha. Niliwahesabu wenzangu wakipiga selfi nikafika kumi na mbili. Halafu pale mapokezi, kwenye beseni kubwa la udongo, nikaona ua la zambarau linaelea. Nikalisogelea. Lilikuwa gugumaji.

Nilicheka peke yangu hadi mhudumu akaniuliza kama niko sawa. Jamani, gugumaji! Mmea uliotoka bonde la Amazoni huko Amerika Kusini, ukasafirishwa duniani kote kwa sababu tu watu waliona ua lake linapendeza kwenye vidimbwi vya nyumbani. Ukaingia ziwani kwetu mwishoni mwa miaka ya 1980, na kufikia miaka ya 1990 wavuvi wa Ghuba ya Winam walikuwa wanashindwa kutoa boti ufuoni. Ilibidi serikali ilete vijidudu maalum vya kuutafuna. Hadi leo upepo ukigeuka, ghuba nzima inakuwa kijani kama uwanja wa mpira. Na hapa tumeuweka kwenye beseni, tunaupiga picha. Mmea uliotufungia ziwa ulianza safari yake kama pambo la bustani. Shika hilo, tutalirudia.

Nikamtafuta mtunza bustani. Alikuwa mzee wa kama miaka sitini na tano, gamboti miguuni, anafagia majani.

"Jaduong', shikamoo. Nauliza, yago iko wapi hapa?"

Akaacha kufagia. Akanitazama kwanza, kama anayetaka kujua mimi ni mtoto wa nani.

"Nyara, unataka yago ya nini? Kuna aliyepotea?"

Mnaona? Hakuniuliza kama ninasoma botania. Aliniuliza kama kuna aliyepotea.

Kwa wale ambao hawajakulia huku, nieleze. Yago ni mti ambao kwa Kiswahili wengine huuita mwegea au mvungunya. Maua yake mekundu iliyokolea hufunguka usiku, na popo ndio huyachavusha. Matunda yake ni marefu, magumu, mazito, yananing'inia kwenye kamba ndefu. Na kwetu Waluo, mtu akifa mbali au akazama na mwili usipatikane, familia huchukua tunda la yago, hulifunga kwa kitambaa, hulizika nyumbani badala yake. Mjane anapata kaburi la kulilia, watoto wanajua baba yuko wapi, na maisha yanaruhusiwa kuendelea. Bila hilo, mtu anabaki hajafa wala hajaishi, na nyumba nzima inabaki imesimama mlangoni ikisubiri.

Mwaka 2019 baba yangu mdogo alitoka Sori usiku kuvua omena. Ulikuwa usiku wa giza bila mwezi, ule ambao taa za wavuvi huonekana kama mji mwingine uliojengwa juu ya maji. Upepo ukaja. Boti ilipatikana asubuhi, taa mbili zilipatikana, yeye hakupatikana. Walitafuta siku nane. Siku ya tisa wazee wakasema inatosha, leteni yago.

Tulidhani hiyo ndiyo sehemu rahisi. Binamu zangu wawili walipanda boda wakazunguka siku mbili nzima. Mti aliokumbuka babu ulikuwa umekatwa. Mti aliokumbuka shangazi ulikuwa umekatwa. Shuleni walionyeshwa shina. Mwishowe waliupata mmoja karibu na mto Kuja, kwenye shamba la mtu. Mwenye shamba aliwapa tunda bure, Mungu ambariki, lakini aliwaambia wasirudi tena kwa sababu mwaka ujao angeung'oa apande mahindi. Kwa hivyo baba mdogo alilala siku mbili zaidi bila kaburi kwa sababu tulikosa tunda. Ziwa lilimchukua usiku mmoja. Sisi wenyewe ndio tuliomkawiza nyumbani kwake.

Nikamweleza yule mzee haya yote. Akaegemea ufagio.

"Hapa kulikuwa na yago tatu," akasema. "Zote tulikata. Mkubwa aliona tunda litamwangukia mgeni kichwani. Na maua yananuka usiku. Wageni wanapenda mti usiosumbua, nyara."

Mti usiosumbua. Nimebeba maneno hayo tangu siku hiyo, na ndiyo hoja yangu yote. Tumefundishwa kwamba bustani ni mahali pa mti usiosumbua.

Tumefundishwa na nani? Hii habari ina historia. Ng'ambo ya ziwa hili hili, Entebbe, kuna bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1898. Nimefika, ni pazuri, kuna miti mikubwa na kipande cha msitu wa mvua kinachokufanya usahau simu. Lakini haikupandwa ili Mganda apumzike. Ilikuwa mahali pa serikali ya kikoloni kujaribu mimea ya biashara: ni ipi itamea hapa, ni ipi itauzwa ng'ambo. Wajerumani walifanya vivyo hivyo Amani, kwenye milima ya Usambara, mwaka 1902. Nairobi Arboretum ilianza 1907 kujaribu miti ambayo ingekua haraka, kwa sababu reli ilihitaji kuni. Na mama yao wote, Kew kule London, ndiye aliyepokea mbegu za mpira kutoka Brazili mwaka 1876, zikaoteshwa na miche ikapelekwa Asia. Baada ya miongo michache biashara ya mpira ya Brazili ikaanguka.

Kwa hivyo bustani ya mimea, tangu ilipoletwa kwetu, ilikuja na swali moja: mti huu utamfaa nani aliye mbali? Zamani aliye mbali alikuwa kiwanda cha Uingereza. Leo aliye mbali ni mgeni wa wikendi kutoka Nairobi mwenye kamera nzuri. Swali halijabadilika. Aliyekaa hapa, mwenye kuzika, mwenye kuumwa tumbo, mwenye kujenga boti, hajawahi kuulizwa anataka mti gani.

Na jambo linaloniuma ni kwamba tuna bustani ya zamani kuliko hizo zote. Vuka daraja la Mbita uingie Rusinga. Watu wengi wanajua Rusinga kwa sababu ya kaburi la Tom Mboya. Wachache wanajua kwamba mwaka 1948 Mary Leakey alipata hapo fuvu la kiumbe wa jamii ya sokwe aliyeishi takriban miaka milioni 18 iliyopita. Na wachache zaidi wanajua kwamba pamoja na mifupa, udongo wa Rusinga umehifadhi matunda na mbegu zilizogeuka mawe, na hata alama za visiki vya miti. Wataalamu wamezisoma na kusema hapo palikuwa na msitu mnene wa tropiki. Mwaka 2015 viumbe hao walipewa jina jipya la kisayansi, Ekembo, kutoka lugha ya Kisuba. Fikiria hilo. Kisuba kimemezwa na Kiluo kiasi kwamba vijana wengi wa visiwani hawakizungumzi tena, lakini jina la Kisuba limo kwenye vitabu vya sayansi duniani kote. Tumehifadhi neno kwenye makumbusho, tukalipoteza jikoni.

Sasa simama Rusinga leo uangalie vilima. Ni upara. Miti imeenda kwenye makaa, kwenye kukausha samaki, kwenye nguzo za nyumba. Siwalaumu waliokata, mtu hupika kwa alichonacho. Ninachosema ni kwamba tumesimama juu ya mbegu za mawe za miaka milioni 18, halafu tunapakia boti kwenda kuangalia mitende iliyoletwa kwa lori.

Hata kwetu Migori mambo ni hayo. Thimlich Ohinga, ile ngome ya mawe iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2018, jina lake lenyewe linataja msitu mzito wa kutisha. Waliopaita hivyo waliuona msitu, wakaupa jina. Sisi tumebaki na jina na kuta.

Najua mtakachosema. Nimeshaambiwa na marafiki zangu ndani ya ile boti tukirudi, tukiwa tumelowa hadi magotini kwa sababu ziwa "lililotulia" lilikuwa limebadilisha mawazo.

Wa kwanza aliniambia bustani zile zinaleta kazi. Ni kweli. Yule mzee analipwa, na mshahara wake unasomesha mtu. Lakini niambie, angelipwa kidogo kama angekuwa anapalilia ober na siala badala ya nyasi? Angejua zaidi, na angeweza kukupa stori ambazo mtende hauna. Mgeni anayetoka Nairobi ameshaona mitende, iko mpaka kwenye maegesho ya maduka. Hajaona maua ya yago yakifunguka jioni na popo wakija. Hata kama unapenda pesa tu, hesabu yako ni mbovu.

Wa pili akasema mambo ya kuzika tunda ni ya kizamani, sisi ni watu wa kanisa. Mimi pia ni mtu wa kanisa. Siku ile ya baba mdogo pasta alikuwepo, aliomba, na alishika kamba ya jeneza pamoja na wengine. Ukitaka kujadili theolojia, njoo tujadili. Lakini mwambie kwanza shangazi yangu mjane kwamba kaburi lake si la kisasa. Na hata ukiondoa mazishi, bado una ng'ow, ule mkuyu ambao wazee wakiuona walijua maji hayako mbali. Una chwa, ule mkwaju ambao mama zetu walitia uchachu wake kwenye uji. Una ober, ambaye gome lake lilichemshwa kwa tumbo na mbao zake zikajenga nyumba. Hizo nazo ni za kizamani?

Wa tatu ndiye aliyeniumiza kichwa, kwa sababu ana hoja. Alisema miti asili inakua polepole, na sisi tuna haraka. Serikali imetangaza miche bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na mwaka 2023 tulipewa hata sikukuu ya kupanda, tarehe 13 Novemba. Mkaratasi, yaani ule mkaratusi wa Australia, unakua kama unakimbizwa. Yago unajivuta.

Nilikaa nalo usiku mzima, na jibu langu ni hili. Kule Tigoni, karibu na Limuru, kuna Brackenhurst. Walikuwa na mikaratusi na miti mingine ya kigeni. Wakaanza kuiondoa na kupanda miti asili mwanzoni mwa miaka ya 2000. Leo ni msitu, na ndege wamerudi. Miaka ishirini tu hivi. Wewe unayesoma hapa una miaka mingapi? Ishirini na nne? Ukipanda leo utaona kivuli kabla hujafika umri wa yule mzee wa gamboti. Polepole si sababu ya kutopanda, ni sababu ya kuanza leo asubuhi. Na Pwani, Wamijikenda wametunza misitu ya kaya vizazi na vizazi bila kibao hata kimoja cha Kilatini. UNESCO ilipoitambua mwaka 2008 ilikuta kazi imeshafanywa, na wazee na miiko yao ndio walioifanya.

Katiba ya 2010, kifungu cha 69, inaiagiza Dola ifikishe miti asilimia 10 ya ardhi. Hiyo sote tunaijua, wanasiasa wanaiimba. Lakini kifungu hicho hicho kinasema pia Dola ilinde maarifa ya asili ya jamii kuhusu viumbe hai. Hiyo sehemu haiimbwi. Asilimia inahesabika kwa ndege zisizo na rubani. Maarifa yako kichwani mwa mzee anayefagia majani, na akifa hakuna drone itakayoyahesabu.

Basi nataka nini? Sitaki mtu afunge hoteli. Nataka kaunti zetu mbili, Migori na Homa Bay, zikisema "bustani ya mimea", zianze na orodha iliyoandikwa na watu wa fuoni na vijijini: mti gani mliutafuta mkaukosa? Muhuru waulizwe, Sori waulizwe, Mfangano na Rusinga waulizwe, Wakuria wa Kehancha pia waulizwe, maana wana orodha yao. Vibao viandikwe Kiluo, Kisuba, Kikuria na Kiswahili kwanza, Kilatini kije mwisho kwa herufi ndogo. Vitalu viwe vya kuchukua: mtu akija na msiba apewe tunda, akija na shamba apewe mche, bila kuulizwa tiketi. Na kila kamati ya ufuo, ile BMU inayosajili boti, ipande yago mbili pale boti zinapotokea. Ukisajili boti, jua pia uwezekano wa boti kutorudi. Hilo ni jambo la kiutawala kama jaketi la kujiokolea, na mmeona majaketi yenyewe yalikuwa mangapi.

Na wewe msomaji wa mjini, usingoje kaunti. Picha ya bogenvilia imeshapigwa, mwachie aliyeipiga. Mpigie bibi yako leo, muulize majina ya miti mitano iliyokuwa nyuma ya nyumba yao akiwa msichana. Ukishindwa kuitafsiri hata mmoja, hapo ndipo bustani yako inaanzia.

Tukiondoka kisiwani yule mzee alinifuata hadi kwenye maji. Alikuwa na mfuko wa unga uliokunjwa. Ndani mlikuwa na nusu ya tunda la yago, kavu, limepasuka. Alikuwa ameliokota siku ile walipokata ule mti wa mwisho, akaliweka nyuma ya stoo, hakumwambia mtu.

Nilipofika Migori niling'oa maua kwenye mikebe mitano kati ya saba. Nikazitoa mbegu, nikaziloweka usiku kucha, nikapanda ishirini. Kumi na moja zimechipua. Jirani wa chini bado analalamika kuhusu maji. Mmoja nitampa yeye, miwili inaenda Sori, mmoja nitampelekea yule mwenye shamba wa mto Kuja, na iliyobaki sijui bado ni ya nani. Natamani isihitajike kwa kazi ile niliyoitafutia kwanza. Lakini tukiihitaji, tusizunguke tena siku mbili.